Zawadi ya babu kwa mjukuu: kisu cha inoksi au cha resori? Na kwa nini Goma kutu inakuja upesi hivi?

#1 MwanaHimbi (Goma)
Jambo wandugu. Babu anataka kumwachia mjukuu wake wa miaka 13 kitu kimoja cha kutumia nje: shambani, msituni, ziwani. Masharti ni matatu. Kidumu mpaka mjukuu naye awe na wajukuu. Kibebeke, maana Goma ni Goma: mwaka 2002 na tena Mei 2021 volkano ilipolipuka watu waliondoka na kile walichoweza kushika mkononi. Na jina la babu liandikwe lisifutike. Mpaka sasa wazo ni kisu. Je, inoksi (chuma kisichoshika kutu ovyo) au chuma cha resori (springi) ya gari? Hofu kubwa ni kutu. Vyuma vya hapa vinaliwa upesi, na mimi nasema ni moshi wa volkano yetu, Nyiragongo. Nikikosea nisahihisheni.

#2 FundiKadutu (Bukavu)
Resori, mzee. Ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, kinashika makali, na siku kikibutuka mtoto atakinoa kwa jiwe lolote la maana. Lakini sharti mhunzi afanye kazi yake yote, asiishie kwenye umbo tu.

Kwanza resori yenyewe. Ya lori iliyobeba mizigo miaka mingi inaweza kuwa na ufa usioonekana, hasa katikati, kwenye tundu la boliti. Kateni kipande cha pembeni. Kisugueni mpaka king'ae, pakeni mafuta ya taa, subirini nusu saa, futeni kwa kitambaa kikavu, kisha pakeni chaki. Penye ufa mafuta yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Kipande hicho tupeni.

Bapa liwe na sentimita 9 hadi 10, unene wa milimita 3 mgongoni. Lipashwe moto mpaka sumaku isishike tena, liongezwe moto kidogo tu, halafu lizamishwe kwenye mafuta yaliyopashwa mpaka yawe vuguvugu. Mafuta, si maji: maji yanapoza kwa ghafla na bapa jembamba linapasuka au kupinda. Likitoka hapo ni gumu lakini linavunjika kama kioo. Linarudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi, saa moja na nusu, mara mbili. Asiye na kipimo aangalie rangi kwenye chuma kilichong'arishwa: manjano ya majani makavu ndiyo inayotafutwa. Ikifika buluu, umepita.

#3 Mulushi_Kenya (Lubumbashi)
Salamu kutoka Kenya, ile ya Lubumbashi. Fundi amesema vizuri, ila amesahau kwamba mtoto wa miaka 13 hatakipaka kisu mafuta kila jioni. Chuma cha resori kikiachwa usiku mmoja kwenye majani yenye umande, asubuhi kina madoa. Kwa nkambo (babu) anayetaka kitu kidumu miaka 50, inoksi.

Lakini inoksi si moja. Chuma kinaitwa inoksi kikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5. Kinachofaa kisu kina kaboni ya kutosha pia. 12C27 ya Uswidi ina kaboni 0.6 na kromi 13.5: inanoleka kirahisi na haishiki kutu ovyo. 440C ina kaboni karibu 1 na kromi 16 hadi 18: inakaa na makali muda mrefu, lakini kuinoa kunataka jiwe zuri na subira. Kile kisu cha sokoni kilichoandikwa tu "inox" bila namba yoyote, kijaribuni kwa tupa kwenye kona ya mgongo. Tupa ikiteleza, chuma kimetiwa ugumu. Tupa ikiuma na kutoa unga, hicho ni kijiko kilichopewa umbo la kisu.

#4 MamaNdosho (Goma)
Kuhusu kutu niko na #1. Hewa ya volkano ina dioksidi ya salfa. Ikikutana na unyevu inakuwa asidi na kushuka na mvua. Ndiyo maana maji ya mvua ya upande wetu yana tindikali, tena yana floridi. Angalieni mabati: yale yanayopata mvua ya kwanza baada ya siku kavu nyingi yanatoboka mapema, kwenye misumari na kwenye mikunjo. Kisu kinachokaa nje kinakunywa maji yaleyale. Msimlaumu mhunzi kwa kosa la mlima.

#5 Bagira_Juu (Bukavu)
Mama, mlima tumeuheshimu, lakini upepo wa huko mara nyingi unasukuma moshi magharibi, kuelekea Rusayo, Sake na Masisi. Himbi iko kando ya ziwa, haipati sehemu kubwa ya moshi huo. Na Bukavu, mbali na mlima, visu vya kaboni vinashika kutu vilevile. Sababu ni ala ya ngozi.

Ngozi inashika maji kama sifongo, na chumvi na asidi za kulainishia ngozi zinabaki ndani yake. Kisu kinaingizwa kikiwa na unyevu kidogo, kinakaa wiki moja kwenye kabati, kinatoka na kutu upande uliogusana na ngozi. Mpeni mtoto ala ya kubebea njiani tu. Nyumbani kisu kilale nje ya ala, kimefungwa kwenye kitambaa kikavu cha pamba chenye matone mawili ya mafuta ya mashine ya kushonea.

#6 Shamba_la_Kabare
Kabla hamjamalizana na mlima na ngozi: mna hakika ni kutu? Kisu cha kaboni kikikata mkungu wa ndizi au ganda la parachichi kinageuka cheusi, pengine chenye rangi ya zambarau. Ni utomvu, una tanini, na tanini ikigusa chuma inatoa rangi nyeusi. Hiyo haili chuma. Kutu ni nyekundu au kahawia, ukipitisha kidole inaacha unga. Weusi wa ndizi hautoki kwa kidole, na ukiachwa unakuwa ngozi ya pili inayochelewesha kutu. Wengi wanausugua kwa msasa kila wiki, wanaondoa kinga na kukiacha chuma uchi.

Mnaweza hata kuuleta kwa makusudi. Osheni bapa kwa sabuni mpaka mafuta yote yatoke, lizamisheni kwenye siki ya vuguvugu dakika 20 hadi 30, lioshwe, likaushwe, lipakwe mafuta. Litakuwa la kijivu sawasawa.

#7 MwanaHimbi
Aksanti wote. #6, madoa yanayozungumziwa ni ya kahawia na yanaacha unga kidoleni, kwa hiyo ni kutu kweli. #5, ala ni ya ngozi, ndiyo. Lakini hata panga lisilo na ala linaliwa.

#8 Mulushi_Kenya
Panga lisilo na ala linashikwa na mikono yenye jasho. Jasho lina chumvi. Tazama kutu inaanzia wapi: ikiwa ni karibu na mpini na juu ya mgongo, mahali kidole gumba kinapokaa, ni jasho. Ikiwa imetapakaa bapa zima kama vumbi, ni hewa. Ikiwa ni upande mmoja, ni ala.

#9 Mama_wa_Birere (Goma)
Mmesahau makayabo, samaki wa chumvi. Kisu cha shambani kikiingia jikoni mara moja kukata makayabo, kikafutwa tu bila kuoshwa, chumvi inabaki kwenye makutano ya bapa na mpini. Na hapo hata inoksi ya #3 haiponi: chumvi inachimba vishimo vidogo vyeusi vinavyoingia ndani, vibaya kuliko kutu ya juujuu, maana ukivisugua unapunguza bapa lote. Mtoto afundishwe jambo moja: kilichogusa chumvi, limau au nyanya kioshwe kwa maji safi papo hapo na kikaushwe, hasa pale shingoni.

#10 FundiKadutu
Mama Birere umegusa penyewe. Vingi vinavyoletwa karakana vimeoza mkia, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, wakati bapa bado linang'aa. Maji yanaingia penye nafasi, hayatoki. Dawa ni mkia mpana, wenye upana wa mpini wote na unaoonekana kingo zake, mbao mbili zibandikwe kwa gundi ya epoksi isiyoacha nafasi, kisha ribiti tatu. Mkia mwembamba uliochomwa ndani ya mpini wa mti kwa moto, kama wa majembe ya bei ndogo, haufiki hata miaka kumi.

Ala nami siifanyi ya ngozi. Naweka mbao mbili za mkaratusi zilizochongwa ndani.

#11 Shamba_la_Kabare
Mzee Kadutu, mkaratusi? Tanini tuliyosema kwenye #6 imo humohumo, na ukiwa mbichi unatoa asidi. Ala ya mkaratusi kwa kisu cha kaboni ni ndizi isiyokwisha. Tafuta mti usio na tanini nyingi na uukaushe kivulini miezi, si wiki. Tena utoboe tundu dogo chini ili maji yatoke.

#12 FundiKadutu
Juu ya tundu la chini nakubali. Juu ya mkaratusi: ukikauka mwaka mzima na ndani ukapakwa nta, bapa halishiki weusi. Tubishane kwa kisu mezani.

#13 Mpenda_Ndege (Bukavu)
Kwa nini lazima kisu? Mtoto anayeishi kati ya mbuga za Kahuzi-Biega na Virunga apewe darubini. Ya 8×42: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukigawa 42 kwa 8 unapata zaidi kidogo ya 5, ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, unatosha ndani ya msitu wenye giza. 10×25 ni ndogo mfukoni lakini msituni inaona giza, na mkono wa mtoto unaitikisa.

Adui wake si kutu, ni ukungu. Kuvu wanaota kwenye vioo kwa ndani kama nyuzi za buibui, na wakishakula rangi ya kinga ya kioo hakuna kusafisha. Nunueni iliyozibwa na kujazwa naitrojeni. Isikae kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa (#5 yuko sahihi hata hapa), ikae mahali penye mwanga na hewa. Na kwa watu wa Goma: vumbi la majivu ya volkano ni kioo kilichosagwa. Pulizeni kwanza au tumieni brashi laini. Ukifuta kwa shati umechora lenzi.

#14 Majengo_Goma
Na chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, je? Tuna sanamu lake la rangi ya dhahabu mjini, na babu wa Goma ampe mjukuu darubini ya nje? Chukudu dogo la mita moja na robo, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, rulima (beringi) ndani ya kila gurudumu, breki ya kipande cha mpira nyuma. Litamteremsha mtoto na kubeba bidoni ya lita 20. Kinachoharibika ni kitu kimoja: mbao mbichi. Gurudumu likichongwa kwenye mti mbichi linakauka, linapasuka kutoka kitovuni, rulima inalegea. Mengine yote yanabadilishwa.

#15 MwanaHimbi
Ndugu Majengo, chukudu tunalipenda, ila sharti la pili lilikuwa "kibebeke".

#16 Majengo_Goma
Chukudu halibebwi, linabeba. Lakini sawa, nimeelewa.

#17 Mulushi_Kenya
Turudi kwenye kisu. Ribiti za #10 zifanyeni za shaba nyekundu, ndiyo alama ya Katanga, na zinafulika baridi kirahisi. Shaba ikigongwa inakuwa ngumu. Ipasheni mpaka iwe nyekundu ya giza, izamisheni majini, inalainika tena. Ni kinyume cha chuma, msichanganye.

Na wale watakaotaka kuweka malakaiti, lile jiwe la kijani, kwenye mpini: hapana. Inapendeza kwenye mkufu, lakini ugumu wake ni kati ya 3.5 na 4, mchanga unaichuna, na limau linaiyeyusha kwa kuwa ni kabonati ya shaba.

#18 Bagira_Juu
Malakaiti sawa. Ila ribiti za shaba kwenye chuma cha kaboni zina gharama yake. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji zinakuwa kama betri, na kinacholiwa ni chuma, si shaba. Utaona duara la kutu kuzunguka kila ribiti. Penye epoksi nzuri pasipoingia maji hakuna shida. Penye mwanya, shaba inaharakisha uharibifu. Kwa bapa la inoksi wekeni ribiti za inoksi.

#19 Mulushi_Kenya
Kweli. Nilidhani mpini umezibwa. Ukiwa umezibwa, shaba. Usipozibwa, hata ribiti za chuma hazitaokoa mkia.

Na kama babu anataka kitu kilicho tayari: Opinel Na. 7, kisu cha kukunja, yenye ncha ya mviringo imetengenezwa kwa ajili ya watoto, bapa la sentimita 8, na inoksi yao ni ile familia ya 12C27 niliyotaja. Ina pete inayozunguka na kufunga bapa lisimfungie mtoto vidole.

#20 FundiKadutu
Ni kisu kizuri, lakini mpini ni mti wa nchi za baridi. Kwenye mvua zetu za Septemba hadi Mei unavimba na kubana bapa mpaka kucha haiwezi kulifungua. Mtoto akilazimisha kwa meno au koleo anakiharibu. Agonge kitako cha mpini juu ya ubao mgumu, pigo fupi moja au mawili, bapa linachomoza lenyewe. Kabla ya zawadi kutolewa, mpini upakwe mafuta ya kitani mara tatu, siku moja kati ya pako na pako, hasa ndani ya mwanya ambako watu wanasahau. Mafuta ya mawese msitumie: hayakauki, yanachacha na kunata. Mafuta ya injini yaliyotumika pia hapana, yana asidi na masizi, na hicho ni kisu cha kukatia chakula.

#21 MwanaHimbi
Aksanti mzee. Jina la babu liandikwe vipi? Kuna anayependekeza herufi za kugonga kwa nyundo.

#22 FundiKadutu
Herufi za kugonga zipigwe kabla chuma hakijatiwa ugumu. Baada ya hapo utapasua bapa au kuvunja herufi. Na hata kabla, kila herufi ni kona kali ambapo ufa unaweza kuanza likizamishwa. Zigongeni karibu na mpini, si kuelekea makali, zisiwe na kina kirefu.

#23 Umeme_Panzi (Bukavu)
Kuna njia isiyogonga, na inafaa inoksi na kaboni. Paka rangi ya kucha mahali pa jina, iache ikauke kabisa, chora herufi kwa sindano mpaka chuma kionekane. Yeyusha kijiko kidogo cha chumvi kwenye nusu kikombe cha maji. Betri ya volti 9: waya wa chanya ushike bapa, wa hasi ufungwe kwenye pamba iliyolowa maji yale. Gusa herufi kwa pamba sekunde tano hadi kumi, inua, futa, rudia. Dakika moja au mbili kwa jumla zinatosha kuchimba unachoweza kukihisi kwa ukucha. Ukigeuza nyaya haitachimba kitu.

Fanya penye hewa, mvuke wake ni klorini kidogo. Ukimaliza osha kwa maji yenye bikaboneti, kausha, paka mafuta siku hiyohiyo, la sivyo chumvi ya #9 umeitia wewe mwenyewe ndani ya jina la babu. Ondoa rangi kwa asetoni.

Na wanaofikiria termosi ya inoksi badala ya kisu: kwenye termosi msichimbe kwa mashine ya diski. Bati la nje ni jembamba, likitoboka hewa inaingia kati ya kuta mbili na chai inapoa kama kwenye kikombe.

#24 Mama_wa_Birere
Kina cha herufi kiamuliwe na kunoa. Wengine wananoa bapa lote kwa diski, miaka mitano jina limekwisha. Diski ikitoa cheche na chuma kikawa buluu, ule ugumu wa #2 umeondoka hapohapo, hata kikipoa haurudi. Anoe kwa mkono, jiwe lenye maji, pembe ya nyuzi 20 kila upande. Mawe ya lava ya hapa kwetu yana matundu, yanakwaruza. Tafuteni jiwe la mto lenye punje laini.

#25 MamaNdosho
Hayo yote mazuri, lakini bado hakuna aliyenijibu. Kama ni ala, jasho na chumvi, mbona mabati yanaoza? Bati halina ala wala halikati makayabo.

#26 Bagira_Juu
Bati ni chuma kilichopakwa zinki, na asidi inakula zinki kwa njia nyingine. Huwezi kuhukumu kisu kwa bati. Na mabati membamba yanatoboka hata Bukavu.

#27 MamaNdosho
Yanatoboka Bukavu baada ya miaka mingapi, na hapa baada ya mingapi? Bati lilelile, unene uleule? Ndilo swali langu.

#28 Shamba_la_Kabare
Basi lipimwe. Kateni vipande kumi kutoka resori moja, kila kimoja sentimita 3 kwa 5, visugulieni kwa msasa uleule, osheni kwa sabuni kisha asetoni, msiviguse tena kwa kidole. Viwili nje kwenye mvua Ndosho, viwili nje Himbi, viwili nje Bukavu. Viwili ndani ya nyumba Himbi vikiwa kwenye ala ya ngozi, viwili nyumba ileile bila ala. Wiki mbili. Vining'inizwe kwa uzi wa nailoni, si waya wa shaba (#18).

#29 FundiKadutu
Ongezeni viwili kwenye ala ya mkaratusi uliokauka mwaka mzima. Vipande nakata mimi, resori ipo. Vitapanda na boti ya Goma.

#30 MwanaHimbi
Himbi nachukua mimi, ndani na nje. Mama Ndosho, vyako uviweke mbali na moshi wa jiko, usije ukaambiwa ni makala (makaa).

#31 Mulushi_Kenya
Tumeni na viwili Lubumbashi. Huku kiangazi ni kikavu kabisa, vikishika kutu huku tutajua resori yenyewe ndiyo mbaya.